Vyumba Sita vya Kariakoo

Nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam, ukishaiona moja umeziona zote, angalau kwa mpango wake. Mbele kuna baraza. Ukivuka mlango unaingia kwenye ukumbi mwembamba unaonyooka hadi mlango wa nyuma; kulia vyumba vitatu, kushoto vitatu. Nyuma ni uani: jiko, bafu, choo, kamba za kuanikia nguo, na mara nyingi banda la vyumba viwili vitatu vilivyoongezwa baadaye. Kuta zilikuwa za miti na fito zilizokandikwa udongo, na paa la makuti. Mwenye uwezo alipiga chokaa, akasakafia kwa saruji na kuezeka mabati. Asiyefika huko aliezeka kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyofumuliwa na kunyooshwa kwa nyundo. Mwenye nyumba alikaa na watu wake katika chumba kimoja au viwili. Vilivyobaki alipangisha.

Hapo ndipo pa kuanzia ukitaka kuielewa Kariakoo. Siku hizi watu huizungumzia kana kwamba ulikuwa mtaa mtulivu wa makazi, kisha biashara ikauvamia na kuwafukuza wenyewe. Hadithi hiyo ni tamu, lakini haiendani na mambo yalivyokuwa. Bidhaa ya kwanza kuuzwa Kariakoo ni chumba. Vitenge, simu na vipuri vya magari vilikuja baadaye kufuata njia ambayo chumba kilikuwa kimeshaichonga.

Mtaa wenyewe haukuota tu. Serikali ya Kijerumani iliigawa Dar es Salaam katika kanda tatu kwa kanuni zake za ujenzi: ya kwanza ya majumba ya Kizungu upande wa baharini, ya pili ya maduka na nyumba za mawe, ambayo ndiyo Uhindini, na ya tatu ya Waafrika, waliotakiwa kuhamia magharibi, kwenye ardhi iliyonunuliwa kutoka shamba la Schoeller. Viwanja vikapimwa kwa mistari iliyonyooka, mitaa ikakatana kama nyavu, na jengo la soko likasimamishwa katikati. Kabla soko halijafunguliwa, Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza.

Waingereza waliingia mjini Septemba 1916. Eneo lile tupu, lenye jengo kubwa lisilo na wachuuzi, wakaligeuza kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps. Ulimi wa mji ukalitamka jina hilo ulivyoweza, na mtaa ukabaki nalo hadi leo; Nairobi nako kuna Kariokor iliyozaliwa kwa njia hiyo hiyo. Wapagazi wa vita vile walikufa kwa makumi ya maelfu Afrika Mashariki nzima, wengi zaidi kwa njaa, kuhara na malaria kuliko kwa risasi. Mwaka 1927 mji ulisimamisha sanamu ya Askari, bunduki mkononi, kwenye barabara ambayo leo ni Samora. Maandishi ya chini yake yanawataja na wapagazi, lakini aliyechongwa ni askari. Mpagazi aliambulia mtaa, na pengine ndiye aliyepata kilicho bora zaidi.

Vita vilipokwisha mpango wa Wajerumani uliendelea chini ya bendera nyingine. Soko lilifunguliwa mwaka 1923. Kati ya Uhindini na mji mpya wa Waafrika uliachwa uwanja wa wazi, Mnazi Mmoja, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya: upepo upite, maradhi yasivuke. Kilichotenganishwa kwa kweli kila mtu alikijua. Mwafrika wa Kariakoo alipewa kiwanja kwa kodi na kwa haki ya muda mfupi, ilhali mtu wa upande wa pili wa uwanja aliweza kupata hati ya miaka 99. Benki haikumkopesha mtu mwenye haki ya namna ile. Kwa hiyo nyumba za Kariakoo zilijengwa kwa akiba ya mshahara wa bandarini, kwa faida ya maandazi na samaki wa kukaanga, kwa kuuza mali ya urithi ya shamba, na kwa kujenga vyumba viwili kwanza kisha kungoja kodi yake ijenge vingine.

Wengi wa wenye nyumba hao walikuwa wanawake. Jambo hili liliwashangaza maofisa wa kikoloni, ambao katika vitabu vyao mwanamke wa mjini alikuwa ama mke wa mtu ama tatizo. J. A. K. Leslie, ofisa aliyefanya uchunguzi wa maisha ya Dar es Salaam mwaka 1956 na 1957 na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1963, alikuta mji ambao nyumba ya vyumba sita ndiyo iliyokuwa pensheni, bima na heshima ya mtu, mke kwa mume. Mjane au mtalaka mwenye nyumba Mtaa wa Nyamwezi hakuhitaji kurudi kwa kaka zake. Tarehe mosi ilipofika alikaa barazani, na waliompita walijua kwa nini amekaa.

Ukumbi wa nyumba moja uliweza kubeba nchi nzima. Mzaramo mwenye nyumba alimpangishia Mnyamwezi kuli wa bandarini, jirani yake Mmanyema ambaye babu yake alitokea Kongo, mbele yao Mngazija fundi cherehani, na uani Myao mpishi wa Mzungu ambaye jioni alirudi na mabaki ya mkate. Mitaa ilipewa majina kwa mchanganyiko huo huo: Nyamwezi, Kongo, Pemba, Swahili, Mafia, Likoma. Msikiti wa Manyema na Msikiti wa Mtoro ikawaweka safu moja watu ambao kwao wasingekutana. Chumba kimoja cha mbele kilikuwa na thamani ya pekee, kwa kuwa ukuta wake ulitazama njia: ukitobolewa mlango, kinakuwa duka. Mwarabu au Mhindi wa duka la rejareja alikipanga, akauza sukari kwa kipimo cha karatasi iliyokunjwa na mafuta ya taa kwa kibaba, na kukopesha hadi mwisho wa mwezi. Ndiyo fremu ya kwanza ya Kariakoo, ingawa neno lenyewe lilikuwa bado.

Mji ulikua kwa kasi. Sensa ya mwaka 1948 ilihesabu watu 69,227 Dar es Salaam. Ya mwaka 1957 ikakuta 128,742. Serikali ikapima Magomeni na Temeke kupunguza msongamano, na wengi walihamia huko kulala. Kustarehe walirudi Kariakoo.

Maana Kariakoo ilikuwa mahali pa kuonekana. Miaka ya mwanzo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia palichezwa beni, ngoma ya magwaride yenye vyeo vya kuiga jeshi na makundi mawili yaliyochukiana kwa raha zao, Marini na Arinoti. Marini walijiona waungwana, na Arinoti wakawaona Marini kuwa watu wa kujidai. Beni ilipochuja vijana walivaa suti, wakanunua gitaa na saksafoni, wakaunda bendi za dansi. Dar es Salaam Jazz ilitangulia, katika miaka ya 1930. Mwishoni mwa miaka ya 1950 zikaja Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande na Western Jazz, majina yanayosema wazi kwamba wanamuziki na mashabiki wao walikuwa wageni waliotoka sehemu moja, wakikumbushana kwao huku wakishindana kwa umjini. Waliopenda taarabu walikuwa na vikundi vyao, Al-Watan na Egyptian, na ushindani wao haukuwa mdogo.

Mpira ulifuata mkondo huo. Mwaka 1935 vijana waliunda Young Africans, yaani Yanga. Mwaka uliofuata palikuwa na timu nyingine, iliyobadilisha majina hadi ikatulia kwenye Sunderland, jina la klabu ya Uingereza, na mwaka 1971 ikaitwa Simba. Moja ina makao Jangwani, nyingine Mtaa wa Msimbazi. Mtu hutembea kwa miguu kutoka huku hadi huku kabla kahawa yake haijapoa. Nusu ya ugomvi wa Tanzania hukaa katika umbali huo.

Siasa nayo ilipanga chumba humo humo. African Association, iliyoanzishwa mwaka 1929, ilijenga ofisi yake New Street, barabara inayoitwa Lumumba leo. Katibu wake wa kwanza, Kleist Sykes, alikuwa mtoto wa askari wa Kizulu aliyeletwa na Wajerumani. Mwanawe Abdulwahid, aliyewahi kuwa katibu wa chama cha makuli, alikuwa mkuu wa soko la Kariakoo katika miaka ya 1950, kazi iliyomkutanisha kila siku na wachuuzi, wenye magari ya mizigo na wakulima waliokuja na mihogo usiku. Ni vigumu kufikiria ofisi nyingine ya serikali ya kikoloni ambayo ingemfaa zaidi mtu anayetaka kujua mji unafikiri nini. Chama cha TANU kilizaliwa kwenye jengo lile la New Street tarehe 7 Julai 1954. Machi mwaka uliofuata Julius Nyerere aliacha ualimu Pugu, akawa hana mshahara wala nyumba, na Abdulwahid akampokea nyumbani kwake Mtaa wa Stanley. Bibi Titi Mohamed, aliyejulikana mjini kama muimbaji wa ngoma kabla hajajulikana kama mwanasiasa, alipotakiwa kuwaleta wanawake chamani alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma. Wanawake wale tayari walikuwa na wanachama, michango, sare na desturi ya kukutana. TANU haikuwafundisha kujipanga.

Uhuru ulipokuja, Kichwele ikawa Barabara ya Uhuru. M. G. Vassanji, aliyekulia upande ule, alikipa jina la barabara hiyo kitabu chake cha hadithi cha mwaka 1991, na ndani yake Kariakoo inaonekana kutoka kwenye roshani za Wahindi waliovuka Mnazi Mmoja kuja kujenga maghorofa madogo ya duka chini, familia juu.

Kisa kimoja cha miaka ile kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa kinaonyesha mtaa huu ulikuwa na mamlaka gani juu ya mavazi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari mosi 1969 sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na vipodozi vya kujichubua vingepigwa vita kwa kuwa ni utamaduni wa kuigwa. Vijana wa mtaani hawakungoja Januari. Siku chache baada ya tangazo, makundi yalizingira kituo cha mabasi cha Kariakoo na kuwashusha wasichana waliovaa fupi au za kubana, yakawazomea, yakawapiga na kuwachania nguo, mpaka polisi wa kutuliza ghasia walipoitwa. Magazeti yalijaa barua kwa wiki kadhaa. Wengine waliwaunga mkono vijana. Wengine, wakiwamo wanawake wenye kazi za ofisini, waliuliza kwa nini suti ya Mzungu ni vazi la kiongozi na sketi ya Mzungu ni aibu ya taifa. Swali hilo halikupata jibu la maana.

Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa bahati tu. Msichana aliyetoka kazini mjini alipitia Kariakoo kubadili basi la kwenda Magomeni au Temeke, na kijana asiye na kazi alishinda hapo hapo. Kipato, nguo na wivu vilipishana kwenye kituo kimoja.

Baada ya hapo ukafika wakati wa kulibomoa soko la zamani. Kazi ya kuchora jipya alipewa Beda Amuli, Mtanzania aliyesomea usanifu Israeli na mmoja wa Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki kufungua ofisi yake mwenyewe ya usanifu majengo. Alichokichora kinafaa kuangaliwa kutoka chini kwenda juu. Nguzo za zege zinapanda, zikifika juu zinafunguka kama miavuli iliyopinduliwa, makali juu na kitovu chini. Mvua ikinyesha maji yanakusanywa katikati ya kila mwavuli, yanateremka kwenye nguzo hadi kwenye matangi chini ya ardhi. Joto la ndani hupanda na kutokea kwenye nafasi zilizo wazi pembeni, hivyo wachuuzi hawakuhitaji feni. Chini ya sakafu ya soko kukachimbwa soko lingine la jumla, ambalo kila mtu hulijua kwa jina la shimoni, na malori yaliteremka humo alfajiri kushusha ndizi na nyanya. Shirika la Masoko ya Kariakoo liliundwa kwa sheria ya mwaka 1974, na soko likafunguliwa mwaka 1975. Kwa maoni ya mwandishi huyu hakuna jengo la umma la enzi ya Ujamaa lililolijua joto la Dar es Salaam vizuri kama lile.

Lilifunguliwa nchi ikielekea kukaukiwa na bidhaa. Mwaka 1971 serikali ilikuwa imetaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na maghorofa mengi ya Barabara ya Uhuru yakaingia mikononi mwa Msajili wa Majumba. Nyumba ya udongo ya vyumba sita haikufikia thamani hiyo. Unyonge wake uliiokoa, na mwenyewe akabaki mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni, sukari na khanga vilipangiwa foleni. Mwaka 1983 ulifanyika msako wa wahujumu uchumi, na bidhaa ambazo zilikuwa hazionekani dukani zikaonekana zimetupwa mitaroni usiku. Bajeti ya Juni 1984 ikageuza upepo: mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza mzigo bila kuulizwa sana alizipata wapi.

Tangu hapo Kariakoo haijapumzika. Belo za mitumba zilifunguliwa barabarani, watu wakinyang'anyana mashati ya juu kabla hayajafika chini. Vijana kutoka Lindi na Mtwara waliokuwa wakitembeza bidhaa mkononi wakawapa wachuuzi wote wa mitaani jina la wamachinga. Wafanyabiashara walioanza kwa safari za Dubai wakaendelea hadi Guangzhou, na wanunuzi wakaja kutoka Zambia, Malawi, Komoro, Burundi na Lubumbashi. Mtaa mmoja ukawa wa nguo, mwingine wa vifaa vya umeme, mwingine wa mabegi. Gauni linaloonekana harusini Mwanza Jumamosi lilikuwa Mtaa wa Kongo Jumatatu.

Fremu ndiyo iliyobadilisha hesabu. Chumba cha mbele kilichokuwa duka la sukari kiligawanywa mara mbili, kisha mara nne; kikafuatwa na chumba cha nyuma yake, kisha ukumbi, kisha uani. Anayetaka kuingia humuona dalali kwanza, kisha hutoa kilemba kwa aliyemo, fedha ambayo kwenye mkataba haiandikwi, na bado kodi ya mwaka inamngoja. Akishafungua, mteja huletewa na winga, kijana asiye na duka wala mzigo, anayejua nani ana rangi gani na nani atapunguza bei, na ambaye chake kinawekwa juu ya bei bila mteja kuhisi.

Hapo mwekezaji akabisha hodi kwa warithi wa nyumba ya vyumba sita. Mapatano yalifanana mtaa mzima: ninyi mnatoa kiwanja, mimi najenga ghorofa, nitakusanya kodi kwa miaka kadhaa kurudisha fedha yangu, nanyi mtapata fremu kadhaa chini au fleti juu. Warithi wengine walikuwa kumi na wawili kutoka kwa mama watatu, na walichokubaliana ni kuuza na kugawana. Katika muda wa miaka ishirini hivi paa za mabati yenye kutu zikapotea na badala yake yakasimama majengo ya ghorofa sita, nane, kumi, kwenye viwanja vile vile alivyopima Mjerumani kwa ajili ya nyumba ya udongo. Mabomba ya maji taka, upana wa njia na nafasi kati ya jengo na jengo havikuongezeka kwa kiwango hicho.

Gharama yake ilionekana. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko la Amuli liliungua, na serikali ikatenga fedha za kulikarabati na kujenga jingine pembeni. Oktoba mwaka huo wamachinga waliondolewa barabarani. Walirudi mmoja mmoja. Asubuhi ya Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa la maduka liliporomoka, na watu zaidi ya ishirini wakafa. Walionaswa chini walikuwa wakiongea kwa simu na jamaa zao waliosimama nje ya kamba ya polisi. Waziri Mkuu akaunda tume ya kukagua majengo ya eneo zima, na kwa wiki kadhaa watu walitazama nguzo za chini kwa macho ambayo hawakuwahi kuwa nayo, wakihesabu ni fremu ngapi zilizotobolewa ukuta ili ziwe mbili.

Wapangaji wa kulala bado wapo, ghorofa ya nne kwenda juu, ingawa fleti nyingi zimekuwa stoo: kufuli kubwa mlangoni, maboksi hadi dari, na lifti inayotumika kwa mizigo kuliko kwa watu. Mabasi ya mwendokasi yamepita Msimbazi tangu mwaka 2016 na kuishia Gerezani. Mwaka 2025 ilizinduliwa biashara ya saa 24, ili wateja wa nje wasilazimike kulala nyumba za wageni wakingoja maduka yafunguliwe. Wachezaji wa Simba na Yanga hawakai tena mtaani, na mechi zao kubwa huchezwa Temeke, kwenye uwanja uliojengwa na Wachina. Ofisi za klabu ziko pale pale, moja Jangwani na moja Msimbazi, na watangazaji wa redio hawajapata jina lingine la mechi hiyo zaidi ya dabi ya Kariakoo.